Mji wa Chini Hauna Baridi

Jua la Mangobo halina adabu. Mchana linakufuata mpaka ndani ya nyumba, na hata mbuzi wa jirani huacha ukaidi wake akalala chini ya upenu kama aliyepigwa. Basi ni katika jua hilo, mwishoni mwa mwaka mmoja wa vita, waendao sokoni walipomwona Katungu amekaa barazani na rundo la masweta ya sufu mapajani, akiyafumua moja baada ya jingine, jasho likimtiririka mpaka kwenye viwiko. Watu walicheka. Kisangani ilikuwa imenyang'anywa karibu kila kitu, lakini kicheko ilikuwa bado nacho, na ukitaka kuchekwa bure, shika sufu mchana kweupe.

Masweta yenyewe aliyatoa kwa wauza mitumba. Marobota yakifunguliwa sokoni, nguo za sufu ndizo zinazotupwa pembeni, kwa kuwa Kisangani hakuna wa kuzivaa. Mafundi wa pikipiki huzichukua kufutia mikono yenye oili. Katungu alikuwa anawawahi mafundi.

Mama Angèle, jirani yake, mwanamke wa mto aliyezaliwa Yanonge na muuza samaki wa kukaushwa, alisimama na beseni lake kichwani.

“Mama Franck, weye uko muzima? Malili, baridi, iko wapi huku?”

“Malili iko kule Franck anaenda,” Katungu akajibu bila kuinua macho.

“Lakini Papa Franck anasema kule baridi haiko. Anasema iko subtropicale.”

“Njo vile anasema.”

Mama Angèle akaguna, akaenda zake. Katungu akavuta uzi. Sweta la kijani la Mzungu fulani, aliyelivaa kwenye nchi ambayo Katungu hatoiona, likaanza kupungua mikononi mwake.

Mwanamke huyu alizaliwa Butembo, juu milimani, ambako asubuhi ukungu unaingia jikoni kama mgeni asiyebisha hodi, na watu wanakwenda shambani na sweta juu ya kitenge. Huko ndiko alikojifunza kufuma, na huko ndiko alikomzika Adeline, binti yake wa kwanza, aliyekufa kwa kifua katika majira ya ukungu hata kabla hajajua kusimama. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Baadaye akazaliwa Franck, na kabla hajaota meno akaanza kukohoa kikohozi kilekile, kikavu, kinachokwaruza. Katungu alikitambua mara moja. Mwuguzi wa zahanati akamwambia waziwazi: kama unataka huyu apone, mshushe kwenye joto.

Mumewe Paluku wakati huo alikuwa akishusha maharagwe na viazi Kisangani kwa malori. Mama mkwe alipiga kelele, akasema msitu haurudishi watu. Katungu hakumsikiliza. Alipanda juu ya magunia ya viazi na mtoto kifuani, akaacha shamba, ndugu na kaburi dogo, wakateremka kwa lori lililokuwa likizama kwenye matope na kutolewa, likazama tena, mpaka hewa ikawa nzito na ya moto, na mtoto akalala bila kukohoa. Wengine wanakuja Kisangani kwa almasi. Katungu alikuja kwa ajili ya joto, na tangu siku hiyo hakuwahi kulilalamikia, hata kipele cha jasho kilipomfunika mgongo mzima.

Kwa woga wake, miaka ya mwanzo hakumruhusu Franck kukimbia na watoto wenzake. Ili atulie, alimchongea spoki mbili za baiskeli, akazisugua juu ya jiwe mpaka ncha zikawa laini, akamfundisha kufuma. Mtoto alikuwa na mkono mzuri. Alifuma vitambaa, akafuma kofia, akafuma hata soksi moja. Ya pili haikuzaliwa, maana vijana wa mtaani walimkuta nyuma ya nyumba na uzi kidoleni, wakamwita Mademoiselle, yaani binti, mpaka jina likamganda. Franck alitupa spoki zile kwenye mtaro na hakushika uzi tena. Alipokuwa mtu mzima alinunua baiskeli, akawa mmoja wa wale vijana wa toleka wanaobeba abiria nyuma kwenye kiti cha sponji, na mapaja yake yakawa magumu kama mpingo. Lakini kila ilipopiga mvua ya usiku mzima, asubuhi mama yake alisimama nyuma ya mlango wake akisikiliza kifua.

Halafu vikaja vile vita vya siku sita. Majeshi mawili ya wageni yalipigana katikati ya mji wetu kana kwamba nyumbani kwao hakuna nafasi. Kombora moja likaangukia safu ya maduka, likala duka la Paluku na nyama ya mguu wake wa kulia. Kilichobaki kwenye duka kilibebwa na waliokuwa na mbio. Tangu hapo Paluku alitembea na fimbo na kuuza chumvi, sabuni na viberiti juu ya meza, yeye aliyekuwa akiuza kwa jumla. Mwanamume aliyezoea kufungua marobota akiuza kiberiti kimoja kimoja, huyo msimwulize habari za asubuhi.

Ndipo jamaa wa Butembo walipopeleka neno kwa phonie, redio ile ya kupiga kelele ambayo wakati wa vita ndiyo ilikuwa posta na gazeti letu. Walikuwa wameungana kukodi kontena kutoka Shanghai, Uchina, na kulikuwa na nafasi kwa Paluku, kama atapeleka mtu mwenyewe kuchagua mali: mabakuli ya enameli, tochi, kandambili, vitenge. Safari ni Januari. Baada ya hapo Wachina wanafunga maduka kwa sikukuu yao. Paluku na fimbo yake hangeweza kuzunguka viwandani. Ataenda Franck.

Katungu aliuliza swali moja tu: kule kukoje, baridi au joto?

Swali hilo lilikuwa jepesi, na lingejibiwa kabla sufuria haijachemka, kama asingekuwepo Prof Évariste. Évariste alikuwa mwalimu wa jiografia, mpangaji wa chumba cha nyuma. Serikali ilikuwa imesahau mshahara wake tangu zamani, naye alikuwa hajasahau somo lake. Alikuwa na atlasi moja iliyoliwa kona na mchwa. Aliileta, akaifungua juu ya meza ya sabuni, akaweka kidole.

“Shanghai hii hapa. Climat subtropical.”

Paluku akapiga fimbo chini kwa furaha. “Umesikia, Mama Franck? Subtropicale! Na angalia, ville iko pembeni ya bahari. Njo chini kabisa, chini kuliko hata Kisangani. Sasa baridi itatoka wapi?”

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, na ni kosa ambalo mtu wa milimani tu ndiye angeweza kulifanya kwa moyo safi. Kwa Mnande, mtu wa milima ya Butembo, baridi ni mahali. Inakaa juu, ukiitaka unapanda, ukiikimbia unashuka, kama Paluku alivyoikimbia na mkewe na mwanawe. Maisha yake yote yalimthibitishia hivyo. Kwamba baridi inaweza kumfuata mtu mpaka ufukweni, ikaja mwezi fulani na kuondoka mwezi mwingine, hilo kwake lilikuwa sawa na kusema mlima umekwenda sokoni.

“Papa Paluku,” Évariste akasema, “kwetu huku njo vile. Lakini kule baridi inakuja na majira. Shanghai iko na hiver. Mara moja moja hata neige, ile theluji, inaanguka.”

“Neige? Alors haiko subtropicale!”

“Iko. Kwa sababu été yao, kiangazi, iko moto sana, na mupunga unaota, na chai inaota.”

“Prof, subtropicale iko mutoto ya tropicale. Mbuzi inaweza kuzaa samaki?”

Wateja wakacheka. Évariste naye akacheka, lakini alikuwa mtu mwaminifu, na uaminifu wake ndio uliomponza. Alikiri kwamba wataalamu wenyewe hawapatani. Kitabu kimoja kinasema mji wenye mwezi wa baridi kali usihesabiwe; kingine kinasema uhesabiwe, mradi joto la kiangazi chake litoshe. Yeye anafuata kile cha pili. Paluku akasema yeye anafuata cha kwanza, kisha akagundua kwamba cha kwanza kinamnyima Shanghai yake, akahamia cha pili, kisha akarudi. Siku iliyofuata wakaendelea. Wakaja watu wa kusikiliza tu: mshona viatu, katekista, mwanamke aliyekuja kununua chumvi akasahau chumvi. Nadhani mjadala ule uliwapumzisha. Tangu vita vianze, lilikuwa jambo la kwanza la kubishaniwa ambalo halikuwa na bunduki ndani yake.

Katungu peke yake hakupumzika. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Alikwenda kisimani na kurudi na ndoo nusu. Mwisho akaja akasimama mbele ya meza, mikono kiunoni.

“Prof, mi naomba neno moja. Baridi iko ama haiko?”

Évariste akavua miwani. “Mama, inategemea unaita nini baridi.”

“Ile yenye kuua mutoto. Njo ile minaita baridi.”

 Paluku akatazama fimbo yake. Katungu akaondoka kwa hasira, akifikiri kwamba wanaume wakishapata jina la kitu huridhika, kana kwamba jina lina blanketi ndani yake.

Lakini tusimwonee Paluku. Hakuwa mkaidi tu. Kama Shanghai ina baridi, basi hawezi kumpeleka mwanawe wa kifua. Na kama hampeleki, kontena linakwenda bila yeye, na atazeeka akiuza viberiti. Ilimlazimu mji ule uwe na joto. Mtu aliyekwama matopeni haulizi kama tawi ni bovu, analishika.

Katungu alilijua hilo, kwa hiyo hakumpinga. Alitoka siku ileile akaenda kwa wauza mitumba.

Shida ilikuwa Franck mwenyewe. Mjini wanamdhihaki Mnande kwa sweta lake. Wanasema hata jehanamu atafika nalo. Kijana hakutaka kupanda ndege ya kwanza ya maisha yake akiwa kichekesho hicho.

“Mama, non. Papa anasema kule iko kama huku. Nitatoka jasho mu avion, watu watanicheka.”

“Utalibeba mu sac.”

“Mama, nitalitupa ku Goma. Minakuambia kabisa, usiseme nilikudanganya.”

Na Katungu alijua atalitupa. Kijana mkweli ni baraka na ni balaa.

Basi akatumia akili yake. Kwa wafanyabiashara wa kwao, mume ndiye anayetafuta fedha na mke ndiye anayeificha. Kila safari ya Paluku, tangu wakati wa malori, Katungu ndiye aliyeshona dola kwenye pindo za suruali, ndani ya mkanda, chini ya bega la koti. Askari wa vizuizi nao walikuwa wamesoma. Sasa vidole vyao vilipita kwenye kila mshono. Walipasua soli za viatu, wakavunja mikate. Popote palipo na mshono, askari anajua pana mkono wa mke.

Katungu akamwambia mumewe: mimi nitaficha mahali pasipo mshono. Akafuma sweta zito, la kijani na kahawia, na alipofika kifuani akaanza kufuma tabaka mbili, akiweka katikati noti zilizokunjwa ndani ya plastiki nyembamba, huku akizifungia kwa safu za uzi zilizopita moja kwa moja, mbele na mgongoni, mpaka mabegani. Alipomaliza alimtupia Paluku. Paluku akalipapasa kwa vidole vyake vya miaka mingi ya biashara, akalikunja, akalinusa karibu. Hakupata kitu. Lilikuwa nene tu, kama sweta la mama anayempenda mwanawe.

“Mama Franck,” akasema kwa heshima, “weye uko muchawi.”

Franck hakuweza tena kulitupa. Sweta lilikuwa limebeba fedha ya baba yake na ya jamaa wawili. Hata kulivua ilikuwa marufuku. Katungu alitembea siku hiyo akijisikia mrefu.

Asubuhi ya safari walikwenda uwanjani Bangoka wote wanne, Évariste akiwa nyuma ya toleka na atlasi yake kwapani, sijui kwa kazi gani. Ndege ya mizigo ilikuwa imeshafunguliwa tumbo. Mbele ya mlango wa kuingilia palikuwa na meza, na nyuma ya meza askari aliyevaa miwani ya jua. Alimtazama Franck, ambaye shati lake lilikuwa limeloa chini ya sweta na uso unang'aa kama aliyepakwa mawese.

“Weye. Tricot ya nini mu hii joto?”

“Minaenda Chine, chef. Shanghai.”

Askari akatoa miwani. “Shanghai? Mi nilisoma mpaka sixième. Shanghai iko subtropicale. Unaficha nini?”

Ningependa mngeuona uso wa Paluku. Hoja yake mwenyewe, aliyoilea kwa wiki kadhaa juu ya meza ya sabuni, ilikuwa imevaa sare na kushika bunduki.

“Chef!” akasema. “Subtropicale, ndiyo, lakini subtropicale ya baridi! Iko hiver! Iko neige! Mungu wangu, baridi ya kule inaua! Prof, mwambie!”

Évariste akafungua atlasi. Na Mungu alivyomuumba bila uongo, akaanza: “Bon, kwa kweli wataalamu hawapatane…”

“Prof!” Paluku akafoka.

Askari alikuwa ameshanyoosha mkono. Akashika sweta kifuani, akafinya. Akapitisha kidole kwenye pindo, kwenye kwapa, shingoni. Katungu aliona vidole vile vikitembea juu ya mfumo wake, akasahau fedha. Alichoona ni mkono wa mtu unaotaka kumvua mwanawe. Akapita mbele ya mumewe.

“Usimuvue,” akasema. “Mi nilizaa mutoto mbele yake. Adeline. Baridi ilimuua mu mikono yangu, na sikukuwa na kitu ya kumufunika, nilikuwa nimefuma tricot ya mukono moja tu, sikuimaliza. Ya huyu nimemaliza. Mimi sijue subtropicale. Umukamate, umupige, lakini usimuvue.”

Hakulia. Sauti yake ilikuwa kavu, na kubwa kuliko alivyokusudia, mpaka wapakiaji mizigo wakageuka. Askari alimtazama. Huenda naye alikuwa na mama mahali fulani, huenda aliona haya tu mbele ya watu. Akarudisha miwani yake.

“Pita,” akamwambia Franck. “Na usivue, mama yako amekataza.”

Ndege ikapaa juu ya msitu ikiyumba. Paluku alikuwa anacheka na kufuta machozi, akimwambia kila mtu hadithi ambayo kila mtu alikuwa ameiona. Katungu alirudi kwa toleka. Alikuwa mwepesi, karibu na furaha. Alipofika nyumbani alikuta barazani kipande cha uzi wa kijani kilichobaki, akakivuta kwa mazoea, na mkono wake ukasimama.

Fedha ile itatokaje?

Alikuwa ameifunga kwa uzi usiokatika. Hakuna mshono wa kufumua. Ili kuipata, Franck itampasa alivute sweta kutoka shingoni, safu kwa safu, mpaka kifuani, mbele na nyuma. Na akishamaliza atakuwa na fedha mkononi, na kiunoni kipande cha sufu kisichofika mbavu. Atakuwa Shanghai, Januari, kifua wazi. Katika kumdanganya mwanawe alivae, alikuwa amelifanya sweta ambalo halina budi kuharibiwa. Haraka haraka haina baraka. Yeye alikuwa na haraka ya kumshinda askari, na ya kumshinda mumewe, na katika haraka ile baridi yenyewe akaisahau.

“Atanunua ingine kule,” Paluku akasema alipoambiwa.

“Na pesa gani? Si ulimwapisha asiguse pesa ya watu, hata ya chakula ulimupimia?”

 Paluku alikuwa amemwapisha kweli, mbele ya msalaba wa ukutani.

Kuanzia hapo Katungu hakutulia. Kila siku alikwenda kwenye kibanda cha phonie, akasimama kati ya watu wanaosubiri habari za ndugu zao Butembo, Beni, Bunia, akisikiliza sauti zikitoka ndani ya mkwaruzo, kila moja ikimaliza na “à toi”, zamu yako. Habari ya Franck haikuwemo. Mwenye phonie alichoka naye, akamwambia Mama, tutakuita. Alirudi nyumbani, akachambua sombe, majani ya muhogo, akaiacha nusu, akaenda tena. Usingizini alikohoa yeye. Mama Angèle alimletea samaki, akakaa naye, hakucheka tena; akamwambia tu kwamba watu wa mto pia hungoja wasiowaona, na kwamba kungoja ni kazi kama kazi nyingine. Katungu akamjibu kwamba kazi nyingine zina mshahara.

Kisha siku moja phonie ikaita. Jamaa wa Butembo alipiga kelele ndani ya mkwaruzo: mali imenunuliwa yote, imelipwa, kontena limefungwa! À toi! Paluku alicheza dansi kwenye kibanda kile, mguu mmoja na fimbo, watu wakapiga makofi. Katungu aliegemea ukuta. Mali imelipwa. Basi sweta limefumuliwa. Habari njema ya mume ndiyo iliyokuwa habari mbaya ya mke, na mkwaruzo ukaimeza redio kabla hajauliza kama mwanawe anakohoa.

Franck alirudi katika majira ya mvua. Hakuna aliyeambiwa. Waliona tu toleka inakuja kwenye barabara ya Mangobo, na nyuma yake kijana amekaa, amekonda mashavu, amevaa sweta. Katika jua lile! Watoto wakamkimbilia wakiimba, wauzaji wakasimama, na Mama Angèle akaangua kicheko mpaka beseni likayumba. Franck hakuona haya. Aliteremka akapiga magoti, akashika mikono ya wazazi wake.

Paluku hakusubiri hata aletewe maji. “Alors! Sema mbele ya Prof. Iko subtropicale ama haiko?”

“Iko, Papa.”

“Eheee!”

“Wenyewe njo wanasema ivyo. Wanasema ile ville iko kusini, iko pays ya joto. Donc hawaweke moto mu nyumba. Kule juu, kaskazini, nyumba ziko na moto. Kule nilikuwa, kwa sababu inaitwa ya joto, hakuna kitu. Nilikuwa natoa pumzi mu chumba, minaiona.”

“Umesikia?” Évariste akaruka. “Hiver! Nilisema hiver!”

“Amesema pays ya joto!” Paluku akajibu, na wakaanza upya, kila mmoja ameshinda, mshona viatu akavuta kigoda chake karibu.

Katungu alikuwa hawasikii. Alikuwa ameshika sweta kifuani mwa mwanawe. Kutoka pindo hadi tumboni mfumo ulikuwa wake, angeujua hata gizani. Kutoka hapo kwenda juu ulikuwa mkono mwingine. Safu zilipanda na kushuka, bega moja lilikuwa juu ya jingine, shingo imepinda kama barabara ya Banalia. Lakini lilikuwa limefungwa lote, mbele na nyuma.

“Nani alikufumia?” akauliza polepole.

Franck akatazama pembeni, kule walikokuwa vijana wa toleka, kisha akaacha kuwatazama.

“Rayons ya vélo, Mama, spoki kama zile ulinipatia. Kule vélo ziko mingi kupita Kisangani. Fundi mumoja alinipa mbili, nikazisugua ku ciment.”

Katungu akapitisha kidole chake juu ya safu zile. Zilikuwa zimebanwa mno, ngumu, uzi umevutwa mpaka karibu kukatika. Hakuwahi kumfundisha hivyo. Siku zote alimwambia, legeza mkono, sufu si kamba ya mbuzi.

“Umekaza sana,” akasema.

“Nilikuwa naanza kukohoa, Mama. Nilikuwa naogopa kufa.”

Hapo ndipo Katungu alipolia, yeye ambaye hakulia Bangoka, akiwa ameshika sweta kwa mikono miwili na uso wake umezama kwenye lile bega lililopinda. Paluku aligeuka kutoka kwenye mjadala, akashangaa, akamwuliza analia nini tena, na mji umeshathibitika kuwa ni wa joto.